Mtoto asiyekula ngano anapokwenda kuishi chuoni

Kijana anayelelewa Katesh au Basotu hukua akiiona ngano kila upande. Katika uwanda huo wa Hanang ndiko Serikali, kwa msaada wa Canada, ilikoendeleza mashamba makubwa ya ngano miaka ya 1970, Setchet na Mulbadaw yakiwamo. Si jambo jepesi kwa mzazi wa huko kuambiwa na daktari kwamba ngano hiyo hiyo ndiyo inayomkondesha mwanawe.

Ugonjwa huo huitwa siliaki. Mwili wa mwenye nao hupambana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, na katika kupambana huujeruhi utumbo wake wenyewe. Chakula hupita bila kufyonzwa vizuri. Mtoto huharisha kwa muda mrefu, tumbo hujaa gesi, uzito hupungua, na damu hubaki pungufu hata akimeza vidonge vya kuongeza damu. Kwa kuwa dalili hizo ni za magonjwa mengi, ni rahisi akatibiwa amiba na minyoo mwaka baada ya mwaka.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kisha daktari anaweza kuingiza kamera tumboni na kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Hapa wazazi wengi wangeteleza: ukimwachisha mtoto ngano kabla ya kupimwa, majibu yanaweza kuonyesha hana tatizo. Apimwe kwanza.

Dawa ya kumeza haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, jambo lililofahamika kupitia daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Mkate ulipoadimika wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Ngano iliporudi, nao wakaugua tena.

Sasa chukulia binti huyo amepata nafasi ya kusomea uuguzi Haydom. Habari njema ni kwamba chakula kikuu cha bwaloni hakina gluteni: ugali wa mahindi, wali, maharage, kande, mboga za majani. Mtama, ulezi, mihogo, viazi na ndizi navyo ni salama. Mzazi hana haja ya kuhangaika na vyakula vya makopo kutoka nje.

Kazi ipo asubuhi, kwenye chai na andazi, chapati au mkate. Uji ungekuwa jibu, lakini unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano. Jioni kuna chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa, kachori zilizochovywa kwenye unga wa ngano, na mchuzi uliotiwa kijiko cha unga ili uwe mzito. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wanaoongeza ngano. Lazima aulize kila mara, na kuuliza kila mara kunachosha, hasa kwa msichana wa miaka 19 ambaye wenzake wameanza kusema anaringa.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza yawe ya mzazi, wiki ya kuripoti. Matroni apewe nakala ya barua ya daktari. Kisha mzazi aende jikoni, amsalimie mpishi mkuu na kumweleza mambo mawili tu: binti apakuliwe kwa upawa ambao haujagusa chakula chenye ngano, na mafuta ya maandazi yasitumike kukaangia chakula chake. Mpishi aliyeelezwa kwa heshima husaidia kuliko tangazo la ukutani.

Unga wa kutoka nyumbani nao una mtego wake. Mashine inayosaga ngano ya jirani na kisha mahindi yako huacha ngano ndani ya unga wako. Kwa vipimo vya kimataifa, chakula huhesabiwa hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo, na vumbi la mashine linaweza kuvuka kiwango hicho bila jicho kuona. Itafutwe mashine isiyosaga ngano kabisa. Gunia nalo liwe jipya, si lile lililobeba ngano msimu uliopita.

Jambo moja husahaulika: hostia. Nayo ni ya ngano. Kwa Wakatoliki, barua ya Vatican ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na muumini anaweza kupokea divai peke yake. Azungumze na paroko mapema, na daktari aulizwe kuhusu hiyo hostia.

Wadogo zake nao wapimwe, kwani ndugu wa damu wa karibu wana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10.

Akirudi likizo atakuta chapati za wageni mezani na bibi akisisitiza kwamba kipande kidogo hakidhuru. Kinadhuru, hata asipoumwa siku hiyo. Mama akimsongea ugali wake mapema kwa mwiko mwingine, na baba akamweleza bibi kabla basi halijafika, binti hatalazimika kubishana na mtu mzima siku yake ya kwanza nyumbani.