Mshauri mpya na maswali asiyo na ruhusa ya kuyajibu

Kijana aliyemaliza chuo kikuu juzi na leo anaitwa mshauri elekezi huonekana mjini Bukoba kuwa mtu aliyepata. Analala nyumba ya wageni Bilele, asubuhi anapitiwa na gari la kukodi, jioni anarudi na vumbi la Muleba kwenye viatu na tableti iliyojaa majibu ya wanakijiji. Jamaa zake wanaona gari na posho. Hawaoni kwamba hadidu za rejea anazozifanyia kazi ziliandikwa na mtu asiyewahi kufika Kamachumu, kwamba siku za kazi zilipunguzwa kwenye zabuni ili bei ishuke, wala kwamba rasimu ya ripoti inatakiwa kesho kutwa. Baada ya mwaka au miwili wengi hufika mahali pabaya: wanaamka wamechoka, wanamchukia mteja, wanaona kila ripoti ni karatasi ya kujazia kabati. Hapo ndipo linapokuja swali la nibaki au niondoke, na ushauri wa bure humiminika kutoka kila upande, huyu akisema vumilia, yule akisema acha. Kwa maoni yangu wote wawili wanajibu kabla ya kusikiliza, kwa sababu wote wanachukulia kuwa tatizo ni wingi wa kazi. Wingi upo. Lakini kinachomla zaidi mshauri mpya ni kubebeshwa dhamana ya jambo asilo na mamlaka nalo, na uamuzi wa kuondoka unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuandika uchovu huu mwaka 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likieleza wazi kuwa wenyewe si ugonjwa; ni hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Lilitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi hata kuibeza, na kujiona huna tija. Ukizitazama vizuri, ni ya kwanza tu inayotibika kwa usingizi. Mtu aliyelala siku tatu mfululizo kwa mama yake Nshamba atarudi na nguvu, lakini kama alikuwa haamini tena anachokifanya, atarudi haamini. Robert Karasek, aliyechambua takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, alionyesha mwaka 1979 kuwa wanaoumia zaidi ni wale wenye kazi nyingi na sauti ndogo ya kuamua namna ya kuifanya. Wenye kazi nyingi na uhuru wa kuamua hawakuwa na hali mbaya kama hiyo. Christina Maslach na Michael Leiter, waliotumia miaka mingi kuuchunguza uchovu huu, nao waliuweka mzigo wa kazi kuwa jambo moja tu kati ya sita, pamoja na udhibiti, ujira na kutambuliwa, mahusiano, haki, na kukubaliana au kupishana kwa maadili ya mtu na ya kazi yake.

Hili lisichukuliwe kuwa saa hazina madhara. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikadiria kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne na zinazolipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ya siku 28. Mshauri anayekesha na tableti kila usiku hana haja ya nadharia yangu kwanza. Ana haja ya kulala, halafu aisome sheria hiyo. Ninayemzungumzia hapa ni yule aliyekwisha kulala na bado hataki kuiona Jumatatu.

Mkoa wetu huu wa Kagera una historia ndefu ya watu waliotumwa kushauri bila kupewa majibu. Mwaka 1937 Bukoba ilikumbwa na vurugu za kahawa, wakulima walipokataa masharti ya serikali ya kikoloni kuhusu namna ya kuitunza mibuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yakaja masharti ya kupambana na fukusi wa migomba, na wakaguzi wakawa wanaingia kwenye vibanja vya watu kuamua mgomba upi ufanywe nini. Upinzani uliwaka Kamachumu, na Ali Migeyo, mmoja wa waliouongoza, akaishia gerezani. Historia imemkumbuka Migeyo, na ni haki yake. Imemsahau mkaguzi, ambaye mara nyingi alikuwa kijana wa hapahapa, aliyefundishwa kanuni na kutumwa kwenye kibanja cha mtu aliyelima ndizi kabla yeye hajazaliwa. Fukusi alikuwa wa kweli na ushauri wenyewe huenda ulikuwa na maana. Ila mkaguzi hakuweza kuubadilisha hata pale alipoona haufai, hakuweza kuahidi fidia, na hakuweza kusema ni lini ukaguzi utakoma. Hasira ya kijiji ilimwishia yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa mlangoni.

Mrithi wake tunaye. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, linapita Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. Kazi ya namna hii huanza na watu wa kupima na kuhesabu: ardhi, nyumba, mibuni, migomba, makaburi. Kati ya siku ya kuhesabiwa na siku ya kulipwa huwa kuna kipindi cha kungoja, na katika kipindi hicho anayeonekana kijijini ni mshauri kijana mwenye dodoso. Anatoa shikamoo, anawekewa kigoda chini ya mgomba, anauliza idadi ya watu wa kaya na chanzo cha maji. Mzee anajibu yote kwa upole, kisha naye anauliza lake: mwanangu, hii mibuni niendelee kuipalilia au niiache? Ni swali la haki kabisa, pengine la maana kuliko yote yaliyomo kwenye dodoso. Kijana halijui jibu. Ameelekezwa asiahidi chochote, na maelekezo hayo ni ya busara, kwa sababu ahadi ya uongo ni mbaya kuliko ukimya. Lakini dodoso halina hata nafasi ya kuliandika swali lenyewe. Jioni, Bilele, anaandika kwenye ripoti kuwa jamii imeshirikishwa kikamilifu. Afanye hivyo kaya baada ya kaya, halafu aambiwe tatizo lake ni kutojua kupanga muda!

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Ajira hakuna, nyumbani kuna ada ya wadogo, na mtoto wa Kihaya aliyesomeshwa kwa kahawa ya babu anaacha vipi kazi kwa sababu ya swali la mzee? Pingamizi hili ni zito, na sasa limezidi uzito. Kagera, ulikoripotiwa UKIMWI kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983, imekaa miongo mingi na miradi ya wafadhili, na miradi hiyo ndiyo iliyowalisha washauri wengi. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, na USAID kufungwa Julai mwaka huohuo, sehemu ya soko hilo ilitoweka. Utani wa unshomile, ule wa Wahaya kujivunia usomi, nao si mwepesi kwa anayerudi nyumbani bila cheo. Nakubali yote haya, ila yanazungumzia gharama ya kuondoka tu, na kubaki nako kuna bei yake. Mshauri aliyekwisha kuidharau kazi yake huanza kunakili ripoti ya wilaya moja kuipeleka nyingine, hujaza dodoso bila kushuka garini, na sifa ikishachafuka katika soko dogo kama letu haisafishiki. Ugumu wa ajira ni sababu ya kutoondoka kwa hasira. Hauwezi kumwambia mtu kazi yake inamfaa au haimfai.

Pingamizi la pili hutolewa na wakubwa wa fani: hata sisi tulipitia humo, kijana lazima apikwe. Huongeza kuwa manesi na matabibu hubeba makubwa zaidi na hawalalamiki. Tuchukue mfano wao. Homa ya Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini Machi 21, 2023, watu 9 waliugua na 6 wakafa, mmoja wao mhudumu wa afya, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2. Sisemi waliokuwa kazini hawakuchoka. Walichoka, na walikuwa na hofu ya haki. Lakini aliyekuwa akifuatilia waliokutana na mgonjwa alijua anatafuta dalili zipi, kwa siku 21, na akiziona ampe nani taarifa. Akiulizwa na familia, alikuwa na la kusema. Tena ulikuwepo mwisho unaohesabika, siku 42 bila mgonjwa mpya. Huko ndiko kupikwa ninakokuelewa, kazi nzito inayomwachia mtu ujuzi. Kumweka kijana miaka miwili mbele ya maswali asiyo na ruhusa ya kuyajibu kunamfundisha kukwepa macho ya watu, na hilo si somo ambalo mkubwa yeyote wa fani angependa kulidai kuwa lake.

Kwa hiyo mwenye swali la kubaki au kuondoka angefanya nini? Kwanza achukue likizo yake, asiamue akiwa na usingizi wa wiki machoni. Wengi watajibiwa kuwa hawana likizo kwa kuwa wao si waajiriwa. Wako kwenye mkataba wa huduma, wanakatwa kodi ya zuio asilimia 5 na NSSF hawapelekewi kitu. Jibu hilo halipaswi kupokelewa kirahisi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kukiwa na hata kimoja kati ya mambo kadhaa, likiwemo la kupangiwa saa na namna ya kufanya kazi au la kumtegemea kiuchumi anayemlipa. Mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Akirudi likizo, ayaandike maswali yale. Ayapange kwa vijiji, kama yalivyoulizwa, na ampelekee msimamizi wake kwa barua pepe yenye ombi moja: nani anayajibu, na mimi niseme nini nikirudi huko wiki ijayo? Akipewa jina la mtu, au ukurasa wa majibu, au ruhusa ya kubadilisha dodoso, basi pengo limeanza kuzibika na pana sababu ya kubaki hata kama malipo ni madogo. Akiambiwa endelea tu na kazi, amejibiwa. Wapo watakaonong'ona kuwa kuandika ni kujitafutia ubaya, na katika ofisi fulani kweli itakuwa hivyo. Ila ofisi ambayo swali la mwanakijiji likiandikwa linageuka kuwa utovu wa nidhamu imejieleza yenyewe.

Akiamua kuondoka, ajue kuwa fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiuzulu, hivyo akiba ya miezi michache ije kabla ya barua. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na mwajiri analazimika kumpa hati ya utumishi. Katika siku hizo 28 amalizie ripoti aliyoianza, na orodha ya maswali amkabidhi anayempokea, ikiwa na tarehe yalipoulizwa, kwa sababu mzee wa Muleba atamwuliza na yeye.