Uozo wa Airisi

Huko Toscana, nchini Italia, airisi hupandwa si kwa maua yake tu, bali kwa shina nene litambaalo ardhini kama tangawizi. Shina hilo humenywa, hukaushwa na kuwekwa ghalani miaka 3 hivi, ndipo lipatapo harufu ya manukato ya thamani.

Adui mkubwa ni uozo uletwao na bakteria, ambao huingia penye jeraha, hasa mahali maji yatuamapo. Majani hunyauka, na shina hulainika likanuka vibaya.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo mkulima hana budi kulichimbua shina upesi, kulikata mpaka penye nyama ngumu nyeupe, kukisafisha kisu, na kulianika juani siku chache. Kisha alipande juujuu, mgongo wake ukiota jua.