Namba ya Kitambaa Kwenye Sanduku la Babu

Wanangu, kabla sijawapeleka Kisarawe kwenye sanduku lenyewe, tupite kwanza Kibaha. Pale Mkuza kuna shule zinazobeba jina la Filbert Bayi. Huenda baadhi yenu mnasoma hapo, na kila siku mnavaa jina hilo kifuani. Je, mnajua mwenye jina alifanya nini?

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa na umri wa miaka 20. Wakati ule wakimbiaji wengi wa mbio hizo walipenda kujificha nyuma ya wenzao, wakingoja mzunguko wa mwisho ndipo wachomoke. Bayi hakungoja. Bastola ilipolia alitoka mbele, akabaki mbele, akawaacha wenzake mbali, na hata mwenyeji John Walker alipomkaribia mwishoni hakumpata. Saa ilisimama kwenye dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokaa tangu 1967, ikavunjika. Walker, wa pili, naye alipita chini ya rekodi ile ya zamani. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akachukua pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Na muda wake wa Christchurch ulibaki rekodi ya Michezo ya Madola kwa miaka 48, hadi Birmingham mwaka 2022.

Mwaka 1980, Moscow, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwenzake Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 inamalizika, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Nimeanza huko kwa sababu mtu hukimbia akiwa amevaa vitu. Viatu, fulana, namba ya kifuani. Kuna pia tiketi, kitabu cha ratiba, picha, kadi ya kuingilia kambini. Mbio zikiisha, vitu hivyo huenda wapi? Vingine hupotea. Vingine huingia kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda, na watoto hukua juu yake bila kujua.

Sasa tutunge kisa. Watoto hawa nimewatunga mimi, lakini masanduku ya namna hii yapo kwenye nyumba nyingi.

Maneromango, wilayani Kisarawe, msichana wa darasa la sita na kaka yake wa kidato cha kwanza wametumwa na bibi yao kulitoa nje sanduku la marehemu babu. Mchwa wameanza kupanda ukutani. Babu alikuwa dereva, na kwa miaka kadhaa aliendesha gari la timu ya riadha. Ndani wanakuta kadi ya TANU, barua zilizofungwa kwa kamba ya katani, redio iliyokufa, na chini kabisa, ndani ya gazeti lililogeuka rangi, kipande cha kitambaa. Kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai. Kina tarakimu nyeusi, kubwa kama kiganja. Pembeni kina matundu manne ya pini, na kila tundu limezungukwa na duara dogo la kutu. Nyuma kuna maandishi ya kalamu ya wino, yamefifia: sahihi ya mtu na maneno “Lagos 73”.

Kaka anataka kupiga picha na kuiweka kwenye WhatsApp: “Inauzwa, njoo inbox.” Dada anataka kukiloweka kwenye sabuni ya unga kitoke madoa. Bibi anawaambia, “Wajukuu zangu, hebu kaeni chini kwanza.”

Bibi ameokoa mali. Maduara yale ya kutu yanaonyesha kwamba kitambaa kilifungwa kwa pini za chuma, kikakaa nazo muda mrefu, na kwamba hakikushonwa juzi. Ukiloweka, alama za kutu zinaweza kufifia, wino wa sahihi unaweza kutoka, na umebaki na tambara lenye namba. Medali nayo hivyohivyo. Usiipake Brasso ing'ae kama mkanda wa gwaride, maana ule weusi wa miaka ni sehemu ya umri wake, na kila unaposugua unakula maandishi. Kitambaa kifunge ndani ya karatasi nyeupe safi isiyo na maandishi, weka pakavu, mbali na jua na mbali na jikoni. Na kwa jina la Mungu, medali isimfikie yule kijana anayepita mitaani na mizani akinunua vyuma chakavu. Atakulipa kwa kilo.

Uzito hauna maana yoyote hapa. Hata medali ya dhahabu ya Olimpiki sehemu yake kubwa ni fedha, imepakwa dhahabu juu, na sheria za Olimpiki zinataka dhahabu hiyo isipungue gramu sita. Lakini mwaka 2013, moja ya medali nne ambazo Mmarekani mweusi Jesse Owens alizishinda Berlin mwaka 1936, mbele ya Hitler, iliuzwa mnadani kwa karibu dola milioni 1.5. Mnunuzi hakununua madini. Alinunua siku ile ya Berlin, na uhakika kwamba medali hiyo ilikuwepo.

Huo uhakika ndio ninaotaka muuelewe vizuri, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye jezi moja. Tarehe 22 Juni 1986, kwenye Uwanja wa Azteca huko Mexico, Argentina iliifunga Uingereza mabao 2-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Diego Maradona alifunga yote mawili, moja kwa mkono, jingine baada ya kuwapita wachezaji wa Uingereza kuanzia nusu ya uwanja wake. Baada ya mechi, kiungo wa Uingereza Steve Hodge alibadilishana naye jezi. Hodge hakukimbilia sokoni. Kwa miaka ipatayo 20 aliikopesha kwenye makumbusho ya taifa ya soka ya Uingereza, watu wakaitazama, huku ikiendelea kuwa mali yake. Alipoamua kuiuza mwaka 2022, binti wa Maradona alisema hadharani kwamba hiyo si jezi ya mabao bali ni ya kipindi cha kwanza, yaani baba yake alibadilisha wakati wa mapumziko.

Ungefanya nini ungekuwa Hodge? Kuapa hakutoshi. Wapiga mnada wa Sotheby's waliwaita wataalamu wa kulinganisha picha. Jezi zile za bluu zilitafutwa harakaharaka madukani mjini Mexico siku chache kabla ya mechi, nembo zikashonwa na namba za rangi ya fedha zikabandikwa kwa joto. Kazi ya haraka huacha tofauti: nembo imepinda kidogo, namba imekaa juu ya mstari huu badala ya ule. Wakalinganisha alama hizo na picha za dakika za mabao, zikakubaliana. Mwezi Mei 2022 jezi ikauzwa kwa pauni milioni 7.1.

Sasa rudini Maneromango. Watoto wetu hawana jezi ya Maradona, na asiwadanganye mtu kwamba kitambaa chao kitajenga ghorofa. Lakini kazi ya kufanya ni ileile. “Lagos 73” ni Michezo ya Afrika iliyofanyika Nigeria mwezi Januari 1973, ambako Bayi alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki, katika mita 1,500. Namba ya kitambaa inaweza kulinganishwa na picha za magazeti ya wakati huo, na magazeti ya zamani kama Uhuru na Daily News hutafutwa maktaba, kwa kuomba na kwa subira. Bibi anakumbuka mumewe alikabidhiwa na nani, na ilikuwa kabla au baada ya kuzaliwa kwa mtoto gani. Hayo yaandikwe leo, kwa maneno yake mwenyewe, na kama jambo ni kubwa, wakili ayageuze kuwa hati ya kiapo. Kisha mtu mzima wa familia awapeleke kwa waliokuwepo. Ukitoka Maneromango unapita Mzenga, unatokea Mlandizi, na Kibaha si mbali. Wanariadha wa kizazi kile na makocha wao wana kumbukumbu ambazo hakuna kitabu kimezichapa, na wanazeeka.

Halafu kuna swali ambalo vijana hulisahau: ni cha nani? Si cha aliyekiona kwanza. Babu amefariki, kwa hiyo ni sehemu ya mirathi, na baba, shangazi na baba wadogo wana haki humo. Kikao cha familia kwanza. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Na ukikuta kombe la zamani kwenye kabati la shule, tuseme pale Minaki, hilo ni la shule hata kama limejaa vumbi na hakuna anayelitazama.

Familia ikikubaliana kuuza, isiuze kwa wa kwanza aliyepiga simu. Dalali wa haraka hulipa taslimu, na hulipa kidogo kwa sababu anajua hujui. Nyumba za mnada za nje hupokea picha, hukadiria thamani, na mnakubaliana bei ambayo chini yake kitu hakiuzwi. Kwa kawaida kamisheni yao hukatwa kitu kikishauzwa, na gharama za kusafirisha na bima mnazungumza kabla ya kusaini. Kadirio lenyewe linaweza kukosea: mwaka 2015 viatu ambavyo Roger Bannister alivivaa mwaka 1954 alipokuwa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne vilikadiriwa pauni 30,000 hadi 50,000, vikauzwa kwa pauni 266,500. Lakini akitokea mtu anayesema amepata mnunuzi Dubai, ila mtume kwanza ada kidogo kwenye namba ya simu, huyo ni ndugu wa wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mfungieni.

Mimi sioni aibu kuuza. Kama bibi anahitaji matibabu au mtoto anahitaji ada, kitambaa kimefanya kazi yake. Ila kama hakuna shida ya haraka, ningefuata njia ya Hodge: kukikopesha Makumbusho ya Taifa au shule kwa mkataba wa maandishi unaotaja mmiliki, muda, na nani atalipa kikiharibika. Watoto wa Kibaha na Kisarawe wamesikia kuhusu Azteca mara nyingi kuliko walivyosikia kuhusu Lagos na Christchurch, na hilo halinifurahishi hata kidogo.

Kwa hiyo likizo hii, kabla hamjafungua sanduku lolote, mkae na babu au bibi mwenye nalo, mchukue daftari, mmuulize: hiki ni nini, ulikipata wapi, mwaka gani, nani alikuwepo. Andikeni majibu, wekeni tarehe, na mwombeni atie sahihi yake chini.