PRINTA NA SKANA: TUNUNUE MASHINE MOJA AU MBILI?

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu, na kazi ya mweka hazina, kama mjuavyo, ni kuulizwa pesa ziko wapi. Muhula wa kwanza niliulizwa hivyo karibu kila siku. Pesa zilikuwapo, shilingi 38,500, tulizozikusanya kwa michango na kwa kuuza mabuyu na viazi karai siku ya wazazi. Kilichokosekana ni maafikiano. Tulitaka mashine ya kuchapa jarida hili hapa hapa shuleni badala ya kulipeleka saiba. Aidha, tulitaka njia ya kuyahifadhi majarida ya zamani yaliyomo kabatini mwa mwalimu mlezi, ambayo mchwa wameanza kuyaonja. Mwenyekiti akasema tununue mashine ile ya tatu kwa moja, inayochapa, inayoskani na inayotoa fotokopi. Mimi nikasema la, tununue printa mbali na skana mbali. Tulibishana mikutano mitatu mizima. Nimeonelea niyaeleze hapa, manake wengi wameniuliza, na wengine nasikia wazazi wao wamo mbioni kununua mashine kama hizi.

Kwanza tuzielewe. Printa huchukua maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta ikayatia karatasini. Ziko za wino, ambazo hurusha vitone vidogo mno kupitia matundu yasiyoonekana kwa macho. Ziko na za leza, ambazo hazina wino wa maji bali unga uitwao tona. Mwanga wa leza huuchora ukurasa kwa umeme juu ya roli, unga ukanata pale palipochorwa, kisha karatasi ikapitishwa kwenye joto kali unga ukayeyuka na kushika. Ndiyo sababu karatasi ya leza hutoka ingali na moto.

Skana kazi yake ni kinyume. Hulimulika karatasi na kulisoma mstari kwa mstari mpaka likawa picha ndani ya kompyuta. Jambo hili ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka wa 1957 Mmarekani aitwaye Russell Kirsch aliiingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga, ikiwa na nukta 176 kwa 176, yaani kama elfu thelathini na moja tu. Leo ukiiskani karatasi ya A4 kwa kiwango cha kawaida cha nukta 300 kwa inchi, wapata nukta 2,480 kwa 3,508, zaidi ya milioni nane!

Mashine ya tatu kwa moja ni printa na skana zilizowekwa ndani ya kasha moja. Zilianza kuenea maofisini katikati ya miaka ya 1990, wakati huo zikiwa na faksi pia. Kasha moja, waya mmoja wa stima. Na hapo ndipo uzuri wake ulipo, na ubaya wake pia, kama nilivyojionea Likoni.

Mjomba wangu ana saiba Likoni, si mbali na feri. Likizo ya Agosti mwaka wa 2023 nilikuwa nikimsaidia. Alikuwa na mashine moja tu, ya tatu kwa moja, na kwa miaka miwili ilimlisha vizuri: fomu za basari, fotokopi za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, mitihani ya chekechea. Siku moja, yapata saa tisa mchana, akaingia kijana wa Mtongwe anatweta, bahasha mkononi. Alikuwa ameomba kazi melini na ametakiwa atume vyeti vyake kwa barua pepe kabla ya saa kumi na moja jioni. Hakutaka karatasi wala wino. Alitaka kuskaniwa vyeti vinne, basi.

Mjomba akaweka cheti cha kwanza juu ya kioo. Mashine ikawasha taa nyekundu. Akaizima, akaiwasha. Wapi! Taa ni ile ile. Kumbe sifongo lilikuwa limejaa. Labda niwaeleze: printa ya wino inapojisafisha matundu yake, wino ule mchafu humwagwa kwenye sifongo lililo chini ndani ya mashine, na mashine huhesabu kila inapofanya hivyo. Hesabu ikifika mwisho, hujifunga mpaka fundi aje abadilishe sifongo na kuirudisha hesabu mwanzo. Ni kinga nzuri, wino usije ukatiririka mezani. Lakini mashine ya mjomba ilipojifunga ilijifunga yote. Skana haikuwa na kasoro hata moja, ila nayo ikafungwa pamoja na mwenziwe.

Najua mtaniuliza: na simu je? Tulijaribu simu ya mjomba. Vyeti vilikuwa vimefunikwa plastiki ngumu, taa ya dukani ikawa inang'aa juu yake, nusu ya herufi hazisomeki. Tukavipeleka mlangoni kwenye jua, ikawa vibaya zaidi. Saa kumi kasorobo mjomba akamwambia, "Vuka, mwanangu, kaskani mjini." Akatoka mbio kuelekea feri. Siku ya pili alirudi kuchukua bahasha aliyoisahau, akatwambia alifika duka la mjini saa kumi na moja na robo. Mjomba hakumuuliza zaidi, wala mimi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mambo haya yamefika hata kortini. Mwaka wa 2021 kampuni ya Canon ilishtakiwa nchini Marekani na mteja aliyelalamika kwamba mashine yake ilikataa kuskani eti kwa sababu wino umekwisha. (Mashine ya mjomba si ya kampuni hiyo.) Wino na skana vyahusiana nini, jamani? Basi nikaja kwenye mkutano wa chama na hadithi hii, nikiamini nimeshashinda.

Sikushinda. Mwenyekiti wetu si mtu wa kushindwa kwa hadithi. Alisema: fotokopi ni kazi ya skana na printa kwa pamoja. Mashine ya tatu kwa moja hutoa fotokopi kwa kubonyeza kitufe, kompyuta ikiwa imezimwa. Ukiwa na mashine mbili, lazima uwashe kompyuta, uskani, ungoje, kisha uchape. Na wanafunzi wakitaka kunakili noti wakatulipa shilingi tano tano, nani atangoja hivyo kila mara? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kweli tupu. Tena kwa mtu wa nyumbani mwenye nafasi ndogo, ningemwambia anunue ya tatu kwa moja bila kufikiri mara mbili. Kwetu Mlaleo, kompyuta, televisheni na cherehani ya mama vyote vyagombania meza moja. Mashine mbili zingekaa wapi? Nyumbani ikiharibika, ngoja wiki moja, hakuna atakayekosa kazi.

Tukaingia kwenye hesabu. Jarida letu lina kurasa 40 na twachapa nakala 150, yaani kurasa 6,000. Hapa Kisauni saiba hutoza shilingi kumi kwa ukurasa, na ukibembeleza kwa kazi kubwa, tano. Hata kwa tano ni shilingi 30,000 kila mwaka, na mwisho hubaki na majarida tu, mashine huna. Tukasema basi leza. Lakini katriji ya leza ndogo hutoa kurasa elfu moja au elfu na mia tano hivi, kwa hivyo tungehitaji nne na zaidi, na bei ya katriji moja ilitutoa jasho. Kuna wanaojaziwa tona kwa bei nafuu, wengine wakafaulu, wengine kurasa zao zikatoka na mistari myeusi. Hatukutaka kubahatisha.

Zikabaki printa za wino za tangi, zile zenye vyumba vya kumiminia wino wa chupa. Epson ndio walioanza kuziuza, nchini Indonesia, mwaka wa 2010. Chupa moja ya wino mweusi, kwa hesabu ya watengenezaji, hutoa kurasa 4,500 hivi. Hesabu hiyo ni ya kurasa zenye maandishi machache, mkitia michoro mikubwa kama ile ya Kidato cha Pili itapungua. Hata hivyo chupa mbili au tatu zatosha jarida zima.

Wino una maudhi yake. Hushindwa na maji: fomu ikinyeshewa juu ya bodaboda, maandishi hutiririka kama wanja. Na printa ya wino haipendi likizo. Ikikaa Novemba na Disemba yote bila kuchapa, wino hukauka matunduni, na kuisafisha ni kumwaga wino mwingine kwenye lile sifongo nililowaambia. Kwa hivyo tumemwomba mlinzi wa maabara awe akichapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Karatasi nazo, kwa pwani yetu hii, hunywa unyevu. Mwezi wa Mei mvua zikishika, rimu lililoachwa wazi hujikunja pembe na karatasi huingia mbili mbili zikakwama. Hili halichagui wino wala leza. Lifungeni kwenye mfuko wa plastiki.

Mkutano wa tatu tulikwenda mjini, Barabara ya Digo, mimi, mwenyekiti na mwalimu mlezi, tukauliza bei. Printa ya tangi ya tatu kwa moja: 27,000. Printa ya tangi inayochapa tu: 22,000. Duka la pili, la vitu vilivyotumika, lilikuwa na skana nene ya kizamani kwa shilingi 6,000. Mbili pamoja 28,000. Tofauti ni shilingi elfu moja! Mwenyekiti akanitazama, nami nikamtazama. Pesa haikuwa tena sababu ya kuchagua hii wala ile.

Mwalimu ndiye aliyeamua, na hakuamua kwa hadithi yangu. Alikuwa amebeba moja ya yale majarida ya zamani, yaliyopigwa kwa stensili na kudurufiwa kwa mkono. Maktaba iliyajalidi matatu matatu pamoja, kwa hivyo ukilifungua huinuka katikati. Skana nyingi za siku hizi, pamoja na zile za ndani ya tatu kwa moja, ni nyembamba, macho yake yako karibu kabisa na kioo. Kisichogusa kioo hutoka na ukungu. Ile nene ya zamani hutumia vioo na lenzi, huona hata kilichoinuka kidogo. Tulijaribu pale pale dukani. Ile mpya ilikula maneno mawili ya mwisho wa kila mstari. Ile kuukuu iliyasoma yote mpaka kwenye uzi. Na kuyakata yale majarida ili yalale sawasawa, mwalimu alisema, "Mtanikata mimi kwanza."

Tukanunua mbili. Sitaki mkadhani ilikuwa raha mustarehe. Tulipofika shuleni, kompyuta ya chama haikuitambua skana kabisa, kwani programu yake iliandikwa kwa Windows za zamani na haikufanywa nyingine. Siku tatu mwenyekiti alinisalimu kwa kicheko. Mwisho mwalimu wa kompyuta alichukua kompyuta kuukuu akaitia Linux, ambayo ina programu ya bure iitwayo SANE inayoendesha skana nyingi za kale, na taa ikatembea. Yeyote atakayenunua skana iliyotumika aende na kompyuta yake dukani, aijaribu kabla ya kutoa pesa. Mimi sikwenda nayo.

Fotokopi bado twatoa polepole, na foleni ya wanaolalamika ni ndefu. Lakini wiki mbili kabla ya jarida hili printa ilikwamisha karatasi, ikalala siku nzima, na siku hiyo hiyo skana ilimaliza toleo la 1993. Sasa twajaribu kuzigeuza zile picha ziwe maandishi kwa Tesseract, programu ya bure inayojua Kiswahili. Hufaulu nusu nusu. Pale stensili ilipofifia, "dhamana" huisoma "dharnana", na lazima mtu akae asahihishe.

Skana hufunguliwa Jumatano na Ijumaa baada ya michezo, chumba kilicho karibu na maabara. Toleo la 1996 halimo kabatini. Mwenye nalo nyumbani, la kaka au la shangazi, hata likiwa halina jalada, na alilete. Tutaliskani akingoja na kumrudishia.