Juya la Mathayo, kokoro la Igogo

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, kuanzia aya ya 47, Yesu anaufananisha ufalme wa mbinguni na wavu. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo ndiyo bado inashikwa na wengi kanisani, inauita wavu huo juya. Mvuvi wa pwani akilisikia neno hilo anajua linalozungumzwa. Lisome Igogo, jijini Mwanza, uone. Utaulizwa juya ni nini, nawe utaeleza kwamba ni wavu mrefu, ncha moja inabaki ufukweni, nyingine inazungushwa majini kwa mtumbwi hadi irudi nchi kavu, kisha watu wanauvuta pande zote mbili. Kabla hujamaliza, mtu atakukatiza: "Kumbe kokoro!"

Na kokoro limepigwa marufuku.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinalikataza kwa sababu ambayo mtoto yeyote wa mwaloni anaijua. Wavu huo unakokota maji ya kina kifupi, mahali sato anapotengeneza viota na samaki wadogo wanapojificha wakue. Hauchagui. Sangara ambaye hajafika sentimita 50, ambaye kanuni inasema aachwe, anaingia sawa na mkubwa. Mwaka 2018 Serikali iliendesha Operesheni Sangara katika upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, nyavu haramu zikakusanywa na kuchomwa moto, na watu wakatozwa faini. Kwa hiyo aya ya Mathayo ikisomwa kwenye vilima vya mawe vya Igogo, viwanda vya samaki vikionekana chini kando ya maji, ina harufu ya moshi ambayo vitabu vya ufafanuzi vilivyochapishwa Ulaya haviijui. Mhubiri aliyejiandaa kueleza hukumu ya mwisho anajikuta na swali ambalo hakulipangia muda: je, Mungu anavua kwa kokoro?

Nimewahi kusikia watu wakilicheka swali la namna hiyo. Mimi naona ni swali la kitaalamu kuliko maswali mengi yanayoulizwa vyuoni.

Wanaosoma taaluma ya umisioni wana uwanja mzima unaohusu jambo hili: namna andiko moja linavyosomwa na watu wa tamaduni tofauti, na kinachotokea wasomaji hao wakikutanishwa. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda upande mmoja. Mmisionari alifika na andiko pamoja na maana yake, vyote vimefungwa katika furushi moja. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, walifika Kageye, mashariki ya Mwanza, mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi. Waanglikana wa CMS walikuwa Nassa kuanzia 1888, kituo ambacho mwaka 1909 kilipokelewa na Africa Inland Mission. Watu wa nchi kavu wakawafafanulia wavuvi habari za wavuvi. Baadaye wapo waliogeuza mwelekeo. Padri David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, alijengesha kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi ikaungana na ngoma za Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana mbele ya umati. Lakini hiyo ilikuwa zaidi namna ya kuabudu. Kusoma ni jambo jingine.

Mfano unaotajwa sana katika somo hili unaihusu Tanzania moja kwa moja. Mtaalamu wa Agano Jipya kutoka Marekani, Mark Allan Powell, aliwaomba watu 100 nchini mwake wasome habari ya mwana mpotevu katika Luka 15, wafunge kitabu, kisha waisimulie kwa kichwa. Ni 6 tu waliokumbuka kwamba kulitokea njaa katika nchi ile ya mbali. Alipofanya hivyo hivyo St. Petersburg, Urusi, mji uliozingirwa na Wajerumani kuanzia 1941 hadi 1944 watu wakafa kwa njaa mitaani, 42 kati ya 50 waliitaja njaa. Kisha akawauliza wanafunzi wa teolojia hapa Tanzania: kwa nini kijana yule alijikuta anatamani chakula cha nguruwe? Wengi walijibu kwamba ni kwa sababu hakuna aliyempa kitu.

Fungua Luka uhakikishe. Aya ya 13 inasema alitapanya mali, aya ya 14 inasema njaa iliingia, aya ya 16 inasema hakuna mtu aliyempa kitu. Hakuna aliyebuni. Mmarekani alimwona kijana asiyejua kutunza fedha, Mrusi aliona janga lililomkuta mtu, na Mtanzania akaona mji usio na aibu, unaomwacha mgeni alale na njaa. Mimi mwenyewe nimesikia mahubiri mengi ya Luka 15, na karibu yote yalikuwa ya Kimarekani kwa maana hiyo, hata yalipotolewa na Msukuma kwa Kisukuma. Tulifundishwa kusoma hivyo, tukasahau jibu letu wenyewe.

Sasa turudi ziwani, maana uzoefu wa mahali nao una mitego yake.

Chukua Luka 5. Simoni na wenzake wamefanya kazi usiku kucha bila kupata kitu, asubuhi wanaosha nyavu, na Yesu anamwambia Simoni asogee kilindini azishushe tena. Nani asiyeielewa habari hiyo Igogo? Usiku wa giza ukitazama ziwa kutoka mawe ya juu unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji mwingine umeota juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa anafuata mwanga, na ndiyo sababu mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Mtu wa dagaa akisikia kwamba Petro alikesha bila kupata kitu, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni hili: mwezi ulikuwaje?

Ni swali zuri, ila hapa Galilaya inatusahihisha. Luka hataji taa yoyote. Mendel Nun, aliyekuwa mvuvi wa ziwa lile kabla ya kuandika juu yake, alieleza kwamba nyavu za enzi hizo zilisokotwa kwa kitani, na mchana samaki waliziona na kuzikwepa. Usiku ulihitajika ili kuuficha wavu. Asubuhi zilioshwa na kuanikwa kwa sababu kitani kikibaki na uchafu na unyevu kinaoza. Kumwambia Simoni ashushe wavu wa kitani mchana kweupe kulikuwa ni kumwambia afanye kinyume cha ufundi wake, mbele ya watu waliosimama ufukweni wakitazama. Mvuvi wa Igogo mwenye wavu wa nailoni hatafika hapo kwa njia ya kitani, lakini mwambie atoke saa nne asubuhi, bila taa, akatafute dagaa, naye atakutazama jinsi Simoni alivyomtazama yule mwana wa seremala. Upuuzi ni ule ule, umefikiwa kwa njia mbili.

Kuna samaki wawili ambao mtu wa hapa hahitaji kusafiri ili kuwajua. Yule anayeuzwa kwa watalii kule Galilaya kwa jina la samaki wa Mtakatifu Petro ni ndugu wa sato. Na kambale wa kule ni kambale huyu huyu wetu, spishi moja kabisa, Clarias gariepinus. Hana magamba. Mambo ya Walawi 11 inasema kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba asiliwe, na hivyo mvuvi Myahudi aliyevuta juya lake ufukweni alikuwa na sababu ya kidini ya kumtupa. Wafafanuzi wengi wanadhani hao ndio samaki wabaya wa Mathayo 13:48, ingawa neno la Kigiriki, sapra, linaweza pia kumaanisha kilichooza au kisichofaa. Mwanza mjadala huu uko sahanini. Wasabato ni wengi kuzunguka ziwa, nao wanaishika Walawi 11. Jirani yao Mkatoliki anamla kambale wa kukausha bila wasiwasi. Msomaji wa Berlin anahitaji tanbihi aelewe kwamba kuchambua samaki kunaweza kuwa jambo la imani. Nyumba mbili zinazotazamana Igogo zinalijua hilo kila jioni.

Neno juya lenyewe lilikwishavuka maji kabla halijatufikia. Agano Jipya la Askofu Edward Steere lilikamilika Unguja mwaka 1879, Biblia nzima ikafuata 1891. Mombasa nayo ikatoa ya kwake 1914. Ile ya 1952 iliunganisha mikondo hiyo. Wavuvi waliowapa watafsiri maneno walikuwa wa Bahari ya Hindi. Jarife, linalotupwa katika Yohana 21, ni la huko huko. Hivyo mtu wa Igogo anasoma habari za ziwa moja kwa msamiati wa bahari akiwa amekaa kando ya ziwa jingine. Na tukizungumzia ukubwa, Marko anaita maji ya Galilaya bahari, Luka anayaita ziwa. Yana kilomita za mraba 166 hivi. Ziwa Victoria lina takriban 68,800, yaani zaidi ya mara 400. Luka namwelewa.

Basi, Mungu na kokoro. Jibu la haraka ni kwamba mfano hausifu zana, na hilo ni kweli, lakini linamnyamazisha muulizaji kabla hajatupa alichonacho. Tazama jinsi sheria ya uvuvi inavyochagua: kwa tundu la wavu. Tundu likiwa pana, mdogo anapita, na uchambuzi umefanyika majini kabla mtu hajagusa samaki. Wavu halali ni wavu unaokataa. Juya la Mathayo halikatai. Linakusanya wa kila namna, na uchambuzi unangoja ufukweni, mikononi mwa malaika. Ni jambo lile lile la magugu ndani ya ngano, mapema katika sura hiyo hiyo, yanayoachwa hadi mavuno. Mtu aliyefundishwa na afisa uvuvi kwamba wavu usiochagua ni kosa anaisikia kashfa iliyomo: jumuiya ambayo haina tundu la kumzuia mtu mlangoni. Msomaji asiyejua nyavu hukimbilia tanuru la moto la aya ya 50 na kuipita kashfa hiyo.

Hata hivyo swali halijaisha, na sitalimaliza. Samaki mchanga akishafika ufukweni ndani ya kokoro amekwishakufa. Kumchambua hakumrudishi majini. Na wanaolivuta mara nyingi ni vibarua, mwenye nyavu yuko kwake amelala. Mfano hausemi nani alimiliki juya.

Njia ya kufikia maswali haya ipo na si ghali. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa kanda ya Afrika Mashariki, waliamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo, na leo zinakutana majumbani kila wiki. Kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Gerald West na wenzake wanasoma Biblia na watu wa kawaida wakianza na maswali ya wasomaji kabla ya majibu ya wasomi. Kituo chao wamekiita Ujamaa, neno letu wenyewe. Hans de Wit wa Amsterdam aliunganisha vikundi vya nchi zaidi ya 20 vilivyosoma Yohana 4, kila kimoja kikipokea usomaji wa kingine, kisha kikasoma upya. Na tusidhani utamaduni ni kabila tu. Mfugaji aliyehamia Igogo kutoka Magu na mvuvi aliyetoka Ukara wanakaa benchi moja kanisani, lakini wa kwanza atakuwa mwalimu wetu siku ya kondoo aliyepotea, wa pili siku ya nyavu.

Kuna andiko moja ambalo Mwanza linahitaji uangalifu kuliko yote, nalo ni dhoruba ya Marko 4. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kutia nanga Ukara, wakafa zaidi ya 220. Anayehubiri kwamba chombo chenye Yesu hakizami anahubiri mbele ya watu waliozika ndugu zao waliosali. Marko 4:36 ina jambo dogo ambalo wahubiri huliruka: vilikuwapo vyombo vingine pamoja naye usiku ule. Marko hasemi vilifika au havikufika. Mwanza kutakuwa na mtu atakayeuliza habari za vyombo hivyo.

Kwa hiyo wewe unayeongoza jumuiya, ukifika Mathayo 13 weka kitabu cha mafafanuzi chini kwanza, uliza nani humu aliwahi kuvuta kokoro, na nani alichomewa nyavu mwaka 2018. Wape muda wa kujibu. Wengine wataogopa kidogo, kwa sababu bado ni kosa kisheria.