Saa ya Kula ni ya Nani?

Makambako inaishi kwa wasafiri. Mabasi ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam yanapita hapo, malori yanalala hapo, na wahudumu wa hotelini wanakimbizana na sahani. Je, anayewapakulia wengine, yeye anakula saa ngapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inajibu katika kifungu cha 23: anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Aliyeingia saa 1 asubuhi asivushwe saa 6 mchana bila kupumzika. Kifungu hicho hakimdai mwajiri chakula, kinamdai muda. Na kwa kawaida muda huo haulipwi. Ndiyo maana zamu ya saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni huhesabiwa saa 9, kikomo cha siku kabla ya saa za ziada.

Hapo ndipo wengi wanapopunjwa. Kupanga nani atoke kula lini ni kazi ya mwajiri, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini akisema, "Kula, ila basi likiingia uje," saa hiyo ameichukua yeye, na anapaswa kuilipia. Sheria inataja wazi anayetakiwa kufanya kazi, na hata anayetakiwa kukaa tayari tu. Tena hawezi kumwita kwa kila jambo: iwe kazi isiyoweza kuachwa bila mtu, au ambayo mwenzake hawezi kuifanya. Boila linalowaka kiwandani linaweza kufikia hapo. Meza ya abiria, wakati wahudumu wengine wapo, kwangu haifiki.

Kwenye mashamba ya chai ya Luponde na Lupembe hali ni ngumu zaidi, maana mchumaji anayelipwa kwa kilo hushawishika kujinyima mwenyewe mapumziko. Kulipwa kwa uzito hakuifuti haki yake. Na mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Msimamizi asizikate kwenye saa ya chakula.

Anayenyimwa aandike tarehe, saa aliyoitwa na aliyemwita, kisha amwone afisa kazi au chama chake. Mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.