Kutu Katika Gari la Zamani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mlaji wa Kanda ya Kati

Wakazi wengi wa Dodoma huamini kwamba gari likishafika bara, mbali na bahari, limeepukana na kutu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mvua zake chache hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Bati lililo safi hudumu muda mrefu katika hali ya hewa ya namna hiyo. Hata hivyo, magari mengi yanayouzwa katika yadi zetu hayakuanza maisha yake hapa. Yamekuja yakiwa yametumika, mengi kutoka Japani, na yamepitia bandari ya Dar es Salaam. Kutu iliyoanza huko husafiri pamoja na gari, nayo haikomi kwa sababu gari limebadilisha makazi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua kutu, namna ya kutofautisha ile inayoharibu sura na ile inayohatarisha maisha, na namna mlaji anavyoweza kuepuka kulipia rangi mpya iliyopakwa juu ya bati bovu.

Kutu hutokeaje?

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Rangi na praima huzuia mkutano huo. Mahali ambapo kokoto limechubua rangi, kinga hiyo imekatika. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kwa njia hiyo huharakisha sana uharibifu.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana rangi huinuka na kufanya malengelenge. Lengelenge dogo ni dalili kwamba uharibifu umekwisha kuanza chini yake, na kwa kawaida eneo lililoathirika ni pana kuliko linavyoonekana kwa macho.

Chumvi na unyevu hutoka wapi?

Katika maeneo ya Japani yenye theluji, kama vile Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari lililotumika huko linaweza kung'aa juu, ilhali sehemu yake ya chini imeliwa. Vivyo hivyo, gari lililokaa miaka mingi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar limepigwa na hewa ya bahari.

Kanda ya Kati nayo ina vyanzo vyake. Baadhi ya visima vyetu hutoa maji ya chumvi, na gari linalooshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke lenyewe hubaki na chumvi katika mikunjo ya bati. Maji ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, mkoani Singida, ni ya chumvi pia; hayafai kuoshea gari. Pikapu zinazopeleka mbuzi na ng'ombe mnadani, au zinazobeba ngozi zilizotiwa chumvi, hulowa mkojo na maji ya chumvi yanayopenya hadi chini ya sakafu ya kubebea mizigo.

Vumbi halileti kutu peke yake. Hata hivyo, hujaa ndani ya madigadi na kuziba vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango. Mvua zikianza, vumbi hilo hugeuka tope linaloshika unyevu kwa siku nyingi baada ya bati la nje kukauka.

Mahali ilipo kutu ni muhimu kuliko ukubwa wake

Kutu ya juu huonekana kama unga wa rangi ya hudhurungi, na bati chini yake bado ni gumu. Kutu iliyopenya huacha vishimo hata baada ya kusuguliwa. Hatua ya mwisho ni bati kutoboka.

Pamoja na hatua hizo, mlaji ajiulize kutu iko wapi. Magari mengi madogo hayana chasisi iliyojitenga; bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini na abiria na kupokea nguvu za mgongano. Tundu kwenye madigadi huharibu sura ya gari. Tundu hilo hilo likiwa kwenye kizingiti cha mlango, mahali mkanda wa usalama unapofungwa, au mahali springi na shokapu zinaposhikwa, hupunguza uwezo wa gari kumlinda aliyemo. Kwa gari lenye chasisi, kama pikapu na magari mengi ya safari za mashambani, chasisi ndiyo ikaguliwe kwanza. Mabomba membamba ya breki yanayopita chini ya gari yasisahauliwe kamwe, kwa kuwa bomba lililoliwa na kutu linaweza kupasuka dereva anapokanyaga breki kwa nguvu.

Kabla ya kununua

Tunamshauri mlaji azingatie yafuatayo:

1. Akague gari mchana, likiwa kavu na safi. Maji na giza huficha kasoro za rangi.

2. Ainue zulia la sakafu na kifuniko cha mahali pa tairi la akiba ndani ya buti. Unyevu na kutu hujificha hapo.

3. Apitishe sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini juu ya bati. Inaposhika kwa udhaifu mahali pamoja kuliko pengine, huenda kuna puti nene chini ya rangi. Izingatiwe kwamba sumaku haishiki plastiki wala aluminiamu, ambazo hutumika katika baadhi ya sehemu za gari.

4. Alipeleke gari kwa fundi aliyemchagua mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji au dalali, liinuliwe na kutazamwa chini. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa sehemu yote ya chini ya gari la zamani idaiwe maelezo.

5. Kwa gari linaloagizwa Japani kupitia mnada, aombe karatasi ya ukaguzi ya mnada. Katika michoro ya karatasi hizo, kwa kawaida herufi S huonyesha kutu, C huonyesha kutu iliyokula bati, na W huonyesha bati lililowahi kunyooshwa. Namba inayofuata herufi ikiwa kubwa, kasoro nayo ni kubwa zaidi.

Ikiwa kutu imetoboa sehemu zinazobeba uzito katika mahali zaidi ya pamoja, ushauri wetu ni kutonunua, hata bei ikipunguzwa. Gharama ya kuchomelea sehemu hizo vizuri inaweza kuzidi punguzo lenyewe.

Matengenezo yanayostahili kulipiwa

Kwa kutu ya juu, fundi asugue kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane, akivuka ukingo wa kutu pande zote. Kisha apake dawa ya kutu, ambayo mara nyingi huwa na asidi ya fosforiki, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji, na baada ya hapo praima na rangi. Chuma kilichosuguliwa kisiachwe wazi usiku kucha.

Kwa bati lililotoboka, sehemu mbovu ikatwe mpaka kwenye bati zima, kipande kipya kichomelewe, na upande wa ndani nao ukingwe. Puti ni ya kusawazisha uso, si ya kuziba matundu. Puti iliyopakwa juu ya kutu hufyonza unyevu, na baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua malengelenge hurudi yakiwa makubwa zaidi. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zifunguliwe, na fundi ahakikishe tangi na mabomba ya mafuta hayapo karibu na moto.

Mlaji akubaliane na fundi kulipa kwa hatua. Malipo ya hatua ya pili yatolewe baada ya mlaji kuliona bati likiwa wazi, limesafishwa au limechomelewa, kabla halijafunikwa kwa puti na rangi. Asiyeweza kufika gereji aombe picha za hatua hiyo. Sharti hili halimgharimu fundi mwaminifu chochote, nalo humwondolea mlaji mashaka.

Kinga kwa gari ulilo nalo

Mvua zinapokwisha, sehemu ya chini na ndani ya madigadi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na vitundu vya milango vizibuliwe kwa kijiti laini. Iwapo maji yaliyopo ni ya chumvi, gari lisuuzwe mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba, kisha lifutwe. Mchubuko mdogo upakwe praima na rangi mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hatushauri kupulizia oili chafu chini ya gari. Huzuia maji kwa muda tu, hunasa vumbi, huharibu sehemu za mpira na huchafua ardhi.

Haki ya mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Kumwambia mnunuzi kwamba bodi ni nzima, ilhali muuzaji anajua kwamba imezibwa kwa puti, hakulingani na sheria hiyo. Ili madai yawe na nguvu, mlaji adai maelezo ya hali ya bodi kwa maandishi ndani ya mkataba wa mauziano, adai risiti ya kielektroniki, na atunze tangazo, picha na ujumbe wa simu alizopokea kabla ya kulipa. Akigundua kasoro iliyofichwa, ampe muuzaji taarifa kwa maandishi bila kuchelewa, na asianze matengenezo kabla ya kupiga picha. Muuzaji akikataa kuwajibika, malalamiko yafikishwe Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.

Hali ya hewa kavu ya Kanda ya Kati humpa mwenye gari muda wa kutosha wa kuishughulikia kutu ikiwa bado ndogo. Muda huo ni wa kutumiwa kukagua na kutengeneza, kwa kuwa kutu iliyofunikwa kwa rangi huendelea kula bati chini yake.